Sinema ya bure bustanini ipatiwe msimuliaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, kwa kuwa wasomaji wa Kiswahili tulioko Marekani ni wengi na gazeti lako tunalisoma kwa simu. Mwezi uliopita, hapa Louisville, Kentucky, filamu iitwayo Minari ilionyeshwa bure katika bustani ya mtaa unaokaliwa na familia nyingi zilizotoka Kongo na Burundi. Nawashukuru waandaaji kwa dhati, ila lipo jambo moja linalonikera.

Minari ni habari ya familia ya Kikorea iliyohamia mashambani Arkansas katika miaka ya 1980. Wazazi wanafanya kazi ya kutenganisha vifaranga majike na madume huku baba akihangaika na shamba lake, kisha bibi analetwa kutoka Korea awalee wajukuu. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Uvira, aliketi nami mkekani. Bibi wa kwenye filamu alipofungua mizigo na kutoa pilipili ya unga na visamaki vikavu, mama alinishika mkono akasema, "Si dagaa hao!" Hapo hakuhitaji tafsiri. Lakini mazungumzo mengi ni ya Kikorea, maandishi ya chini ya picha yalikuwa ya Kiingereza peke yake, na mama hajui hiki wala kile. Kazi ikamwangukia mwanangu wa miaka tisa. Mtoto wa kwenye filamu alipokataa kulala chumba kimoja na bibi yake kwa madai kwamba ananuka Korea, mwanangu alinyamaza kidogo, kisha akamwambia wa kwake, "Anataka kulala peke yake tu." Sikumlaumu.

Mwaka 2021 filamu hiyohiyo, iliyotengenezwa Marekani na mwongozaji mzaliwa wa Marekani, iliwekwa katika kundi la lugha za kigeni kwenye tuzo za Golden Globe, kwa sababu zaidi ya nusu ya mazungumzo yake si Kiingereza. Wengi walilalamika, nami niliwaunga mkono. Ndiyo maana nashangaa kuona ikiletwa kwetu kana kwamba kila mhamiaji anasoma Kiingereza, tena upesi.

Dawa yake haina gharama kubwa. Dar es Salaam walimzoea Lufufu, Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo, watu wanaoifuata filamu ya kigeni hatua kwa hatua na kuisimulia kwa lugha ya watazamaji. Hata hapa kwetu vijana wenye kipaji hicho hawakosekani. Mmoja wao apewe filamu wiki moja kabla, aitazame mara mbili, na aombwe asitie chumvi nyingi kama wasimuliaji wa vibandani, maana sehemu nzuri za filamu hii ni zile za kimya. Kama majirani wa lugha nyingine watasumbuka, usiku wa pili utengwe. Kipaza sauti kipo tayari; siku ile kilitumika mara tatu, zote kumtafuta mwenye gari lililoziba njia.

Msomaji wako,
Louisville, Kentucky