Riesling Inayonukia Mafuta ya Taa Haijaharibika

Kuna wateja huturudishia dukani chupa ya Riesling, mvinyo mweupe wa zabibu ya jina hilohilo, iliyokaa miaka kadhaa wakiamini imechakachuliwa, maana ukiinusa tu unakutana na harufu ya mafuta ya taa. Harufu hiyo ni ya zabibu yenyewe. Inatokana na kemikali iitwayo TDN, ambayo huongezeka mvinyo unapozeeka ndani ya chupa, zaidi kama zabibu zilipigwa na jua sana shambani. Wapenzi wa Riesling huitafuta kwa bidii. Mvinyo ulioharibiwa na kizibo unanuka kitu kingine kabisa: boksi lililolowa, au chumba kilichofungwa masika yote, na harufu ya matunda haipo tena. Chupa ya namna hiyo irudishe bila wasiwasi, tutakubadilishia.

Lawama nyingine nyingi kuhusu mvinyo mweupe huanzia kwenye friji. Friji ya nyumbani hupoza hadi nyuzi 4 hivi, na kwa baridi hiyo hata Meursault ya bei mbaya, mvinyo mweupe wa Burgundy, Ufaransa, haina harufu wala ladha. Muscadet, mvinyo mweupe mwepesi wa Ufaransa, inywe ikiwa nyuzi 8, Meursault 12. Kwa joto letu la pwani, ukiitoa chupa robo saa kabla ya chakula inatosha.

Sasa onja. Mimina theluthi tu ya glasi, ishike kwenye mguu wake, izungushe, kisha nusa kabla hujanywa. Chukua funda dogo, lizungushe mdomoni, meza, halafu tulia. Mate yakianza kujaa pembeni mwa ulimi na yakaendelea kuja, uchachu ni mkubwa. Kipimo hiki tunakiamini kuliko orodha ndefu za matunda, kwa sababu sukari inaweza kuudanganya ulimi, lakini mate hayadanganyiki.

Kutambua mvinyo umetokana na zabibu gani ni kugumu zaidi, na lebo za Ufaransa hazisaidii: nyingi hutaja mahali, hazitaji zabibu. Eneo la Alsace, mashariki mwa Ufaransa, ndilo linalokwenda kinyume, huko jina la zabibu huandikwa. Chukua Pouilly-Fumé na Pouilly-Fuissé, majina yanayowachanganya hata wauzaji. Ya kwanza inatoka bonde la mto Loire, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Sancerre, na ni ya zabibu ya Sauvignon Blanc: inanukia majani mabichi na balungi, na mate yanatiririka. Ya pili inatoka kusini mwa Burgundy, karibu na mji wa Mâcon, na ni ya zabibu ya Chardonnay: imejaa zaidi mdomoni, ina harufu ya pea na pichi.

Chardonnay hiyohiyo, ukipanda nayo hadi Chablis, kaskazini kabisa mwa Burgundy, inakuwa kama imebadilishwa damu. Kule kuna baridi, na udongo wa chokaa umejaa visukuku vya chaza wadogo. Chablis nyingi hazipitishwi kwenye mapipa mapya, kwa hiyo unakuta limau, tufaha bichi na ukavu, yaani kukosa utamu, usio na huruma. Meursault, ambayo pia ni Chardonnay ya Burgundy, hukaa kwenye mapipa ya mwaloni ikapata harufu ya siagi na lozi zilizokaangwa. Ukizinywa mbili hizi pamoja jioni moja, umejifunza mengi kuliko tunavyoweza kukuandikia hapa.

Kwa Riesling ya Mosel, Ujerumani, tazama asilimia ya kilevi kabla ya kitu kingine. Ikiwa 8 au 9, sukari ya zabibu haikugeuka yote kuwa kilevi, hivyo utamu upo. Kabinett nyingi, yaani Riesling nyepesi zenye neno hilo kwenye lebo, ziko hivyo. Ikiwa 12 na lebo inasema Trocken, huo ni mkavu. Mteja anayesema hapendi Riesling kwa sababu ni tamu, mara nyingi hajawahi kupewa Trocken.

Gewürztraminer ya Alsace, mvinyo mweupe mwingine wenye jina la zabibu yake, haihitaji maelezo marefu: maji ya waridi na lichi, ndugu yake shokishoki, na uchachu mdogo.

Kwenye chakula, tunafuata uchachu na pilipili. Wafaransa hula chaza kwa Chablis, na jibini ya mbuzi ya Chavignol kwa mvinyo wa Sancerre; Chavignol ni kijiji kilichomo humohumo Sancerre. Kamba wa kukaanga waliokamuliwa ndimu tunawapeleka kwa Sancerre au Albariño ya Galicia, Hispania, kwa sababu mvinyo wenye uchachu mdogo kuliko chakula chenyewe hupooza. Samaki wa kupaka ni mtihani: kuna tui, ukwaju na pilipili. Kilevi kingi huchochea moto wa pilipili, kwa hiyo tunashauri Kabinett, ambayo utamu wake hutuliza ulimi na uchachu wake hukata mafuta ya nazi. Meursault kwenye sahani hiyo ni kuipotezea pesa zake. Iwekee kuku wa kuoka na siagi. Pilau yenye iliki na mdalasini, isiyo na pilipili, ipe Gewürztraminer.

Ukija dukani, tuambie kwanza unapika nini na pilipili ni kiasi gani. Bajeti tutaizungumza baadaye, maana Muscadet nzuri kwa samaki wa kuchoma haihitaji bei ya Burgundy.