Kabla hujaenda Hilo

Shoga yangu,

Assalamu alaykum. Hujambo, na huyo mgeni wa tumboni hajambo? Habari nilizipata kwa Mama Salma, nikafurahi mno. Kimya chetu tutakizungumza siku nyingine. Pasaka imekaribia, nawe huko mjini Hilo, Hawaii, una siku moja tu ya Merrie Monarch, tamasha la hula, ngoma ya jadi ya huko, linalofanyika wiki inayoanzia Pasaka.

Chukua Jumatano. Mashindano ya hula ni Alhamisi hadi Jumamosi, na tiketi zake huisha mapema. Jumatano usiku kuna Hōʻike, onyesho lisilo na kiingilio, kwenye uwanja uleule wa Edith Kanakaʻole. Wahi foleni, na ubebe koti la mvua. Mvua ya Hilo hainyeshi kwa ratiba. Zikianza nyimbo za kale, nyamaza usikilize. Malkia Kaʻahumanu aliipiga hula marufuku mwaka 1830, na Mfalme Kalākaua akairudisha hadharani alipotawazwa 1883. Tamasha limebeba lakabu yake, Merrie Monarch, yaani Mfalme Mchangamfu.

Sasa lei, shada la kuvaa shingoni. Kwa desturi ya huko mjamzito havalishwi lei iliyofungwa mduara, kwa hiyo sokota ya wazi, ncha mbili zining'inie kifuani. Tafuta majani ya mmea uitwao ti, marefu, mabichi, yasiyotoboka. Kumi yatatosha, na ya akiba yasikose. Yafute, chuna mshipa wa kati ubaki na vipande viwili kwa kila jani, kisha yalaze kwenye friza usiku kucha. Barafu huvunja ugumu wake. Yakiyeyuka yanakuwa laini kama kitambaa. Ukiyasokota bila hivyo yatapasuka.

Funga vipande viwili kwenye ncha, uvitie kwenye kidole gumba cha mguu. Kila kipande kisokote kuelekea kulia, halafu vipishane kuelekea kushoto. Ni kamba ya usumba ile ile. Ukisokota na kupishanisha upande mmoja, itafumuka yote mara ukiiachia. Kipande kikibaki vidole vinne, laza kipya juu yake, ncha nyembamba kwanza, uvisokote pamoja. Vyote viwili visiishie mahali pamoja, hapo ndipo lei hukatikia. Na ukaze, maana jani likikauka hunywea na lei hulegea.

Ukivishwa lei na mtu, usiikatae, wala usiivue mbele yake. Na usichume mti wa ʻōhiʻa, hata ua moja. Kuna ugonjwa wa kuvu unaoua miti hiyo, unaingilia kwenye jeraha, na kuvunja tawi ni jeraha tosha. Hili naliomba kwa moyo wote.

Chakula uliza kwanza. Kalua, nyama iliyookwa shimoni, kwa kawaida ni nguruwe, na laulau, nyama iliyofungwa kwa majani ya magimbi, mara nyingi pia. Poke ni samaki mbichi, mwaka huu iache. Kula poi, magimbi yaliyopondwa, na kulolo: magimbi, tui la nazi na sukari, yaani kwetu kabisa.

Narudi kwenye lei, nisisahau: uwanja wa ndege watakagua mizigo, ua lolote la jamii ya machungwa halitoki.

Je, mnafikia wapi, na friza ipo? Daktari amekuruhusu kuruka? Nani anakushikia mtoto mkubwa? Na yule bibi wa Tanga, ameshajua habari, au nimwambie mimi?

Wako,
Shoga yako