Siku ya kupanda mikoko ipangwe kwa bamvua, si kwa kalenda ya ofisi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu hii tuzungumze na ofisi na kampuni za Dar es Salaam zinazojiandaa kwa Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, 5 Desemba. Nyingi huchagua kupanda mikoko, iwe Kunduchi, Mbweni au upande wa Kigamboni. Wafanyakazi wanakuja kwa moyo na nguvu zao zinahitajika. Hata hivyo miche mingi inayopandwa siku hizo haimalizi mwaka, na kosa la kwanza hufanyika mapema kabisa: tarehe inapangwa bila kuangalia maji.

Wakati wa bamvua, yaani siku chache baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, maji ya Dar es Salaam hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Tope linakuwa wazi na watu wanaweza kufanya kazi kuanzia saa tatu hadi karibu saa sita. Wiki moja baadaye ni maji mafu. Saa nne ile ile maji yamejaa, na yakija kupwa jioni hayaendi mbali. Basi likifika na watu 60 Jumamosi ya maji mafu, watasubiri ufukweni, watapiga picha, kisha watapanda pale tu palipo pakavu, yaani mahali pasipofaa. Jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari lipo. Afisa rasilimali watu alitazame kwanza, ndipo atume tangazo kwa wafanyakazi. Kama 5 Desemba imeangukia maji mafu, sogezeni shughuli kwa wiki moja. Mche hauijui tarehe ya sherehe.

Kosa la pili ni kupanda aina moja kila mahali. Mikoko ni jina la miti ya aina kadhaa, na mkoko wenyewe ni aina moja tu kati yake. Mbegu yake ni ndefu mfano wa tunda la mlonge, inashikika vizuri na inachomekwa bila shida, kwa hiyo ndiyo inayoletwa kwa magunia. Lakini msitu huu una mpangilio wake. Mbele kabisa, panapopigwa na mawimbi, ni pa mlilana. Mkoko unapenda tope laini nyuma yake na kando ya vijito. Mkandaa unakaa juu zaidi, na mchu unaweza kuota mbele na hata huko nyuma kwenye chumvi kali. Mkoko ukichomekwa kwenye tope tupu la mbele, unakaa ndani ya maji saa nyingi mno, mawimbi yanauchezesha mpaka mizizi inashindwa kushika, na viumbe wadogo wenye gamba wananata kwenye shina hadi wanaulemea.

Sri Lanka walilipia kosa hili baada ya tsunami ya Desemba 2004. Mikoko ilipandwa kwa wingi na kwa haraka. Watafiti walipokwenda kukagua maeneo 23, katika 9 hawakukuta mche hata mmoja ulio hai.

Kwa hiyo kabla ya kuomba watu wajiandikishe, mtu mmoja wa ofisi aende eneo husika na wenyeji wakati wa maji kupwa na aulize maswali mawili. Hapa palikuwa na mikoko zamani? Kama hapakuwa nayo, msipande. Je, miche inajiotea yenyewe? Kama inajiotea, haihitaji kupandiwa mingine. Inahitaji kuondolewa plastiki na nyavu zilizokwama. Kazi hiyo haina picha nzuri, lakini kikundi cha watu 40 wakiifanya vizuri asubuhi moja wanaokoa miche mingi kuliko wangepanda. Mikoko yetu ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwa hiyo barua ya kibali na ya serikali ya mtaa ziandikwe mwezi mzima kabla.

Sasa hesabu. Mtu ambaye hajawahi kupanda hufikisha mbegu 30 hadi 40 kwa saa, tope likiwa la magotini. Watu 60 kwa saa mbili na nusu za kazi halisi ni kama mbegu 5,000. Kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, hiyo ni nusu hekta. Msiagize mbegu 20,000 kwa sababu namba inapendeza kwenye bango. Zitakazobaki zitatupwa au zitachomekwa ovyo saa ya mwisho maji yakirudi. Kila watu 10 hadi 12 wawe na mwenyeji mmoja wa kuwaongoza na kamba yenye fundo kila mita. Pasipo kamba, watu hupanda wakikaribiana ili waendelee kuongea, na wanaikanyaga mizizi ya kupumulia ya mchu inayochomoza kwenye tope.

Mbegu ya mkoko iliyokomaa ina ukosi wa rangi ya manjano chini ya kikonyo na huachia ikiguswa. Ya kung'oa kwa nguvu ni changa. Zisafirishwe zikiwa na unyevu, kivulini, si kwenye gunia lililofungwa nyuma ya pikapu juani. Wakati wa kupanda, toboeni shimo kwa kijiti kwanza, kisha ingizeni theluthi ya mbegu: ikiwa na sentimita 45, 15 ziwe ndani. Ncha iliyochongoka ndiyo ya chini. Ya juu ina kichipukizi kidogo kama ncha ya mkuki. Kila mwaka kuna safu zilizopandwa kichwa chini kwa sababu hakuna aliyechukua dakika mbili kuonyesha. Miche ya kitalu, hasa mchu, ivuliwe viriba, yaani mifuko ya kuoteshea, kabla ya kuingia shimoni, na viriba vihesabiwe: vilivyotoka kitaluni ndivyo vitakavyorudi.

Viatu ni jambo linaloharibu siku nyingi. Buti za mvua hunasa kwenye tope, mtu anachomoa mguu, buti inabaki. Peku nako hakufai, chaza hukata kama wembe na chupa zilizovunjika hazionekani. Raba kuukuu yenye kamba, iliyofungwa barabara, ndiyo inayofaa, na ofisi iwaambie watu wiki mbili kabla. Mwenye kisukari, mwenye kidonda mguuni na mjamzito wasiingie topeni, na wasilazimike kujieleza mbele ya wenzao: fomu iwe na chaguo la kazi za nchi kavu, kama kujaza viriba, kuhesabu mbegu na kupima nafasi. Maji ya kunywa, lita 2 kwa mtu, yaani madumu 6 ya lita 20 kwa watu 60, na kila mtu na kikombe chake. Kuleta chupa 180 za plastiki ufukweni kusafisha plastiki hakueleweki.

Tunawasihi pia waajiri wasiifanye ya lazima. Wanaokuja kwa kuogopa kuitwa majina huondoka saa nne na nusu, wakati maji ndiyo yamepwa. Na kama ni Jumamosi, iandikwe kwa barua kwamba ni kazi ya ofisi, ili mtu akiumia pasiwe na ubishi nani anabeba gharama ya matibabu.

La mwisho ni fedha. Tumezoea kuona bajeti ikiishia kwenye fulana, hema na vipaza sauti, huku wakina mama waliookota mbegu siku tatu wakiambiwa nao wamejitolea. Walipwe, kwa kuwa mfanyakazi wa ofisi siku hiyo mshahara wake unaendelea. Kisha zitengwe fedha za mwaka mzima kwa wenyeji wanne, mara mbili kwa mwezi kila bamvua, kuondoa mwani na nyavu zinazozingira miche na kuziba mapengo. Ofisi itume watu watano kuhesabu baada ya miezi 3, 6 na 12: weka alama miche 100 katika safu tofauti, hesabu iliyo hai. Na bango la kampuni litakaloachwa ufukweni lisiandikwe idadi iliyopandwa. Liachwe wazi hadi miezi 12 itimie, ndipo iandikwe idadi iliyokutwa hai na tarehe iliyohesabiwa.

Watunza kitalu cha mikoko,
Kunduchi, Dar es Salaam