Halloween: vazi la mtoto lirudi mikononi mwa mzazi

Ndugu Mhariri,

Kila Oktoba ikikaribia, kurasa za barua hujaa ubishi kama Halloween, sikukuu ya usiku wa Oktoba 31 ambapo watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kuomba pipi kwa jirani, ni ya kishetani au ni biashara tu. Sisi tunaoshona mavazi ya jukwaani tunaomba nafasi tuizungumzie nguo yenyewe anayovaa mtoto usiku wa tarehe 31. Wasomaji wako wengi wanalea watoto Marekani, Kanada, Uingereza na Ireland, na watoto hao watatoka kwenda mlango kwa mlango, wazazi wapende wasipende.

Vazi hili lilianza kama maficho. Waselti, watu wa kale wa Ireland na Uskoti, walikuwa na sikukuu ya Samhain, mwisho wa mavuno na mwanzo wa majira ya baridi, na iliaminika kwamba usiku huo mizimu hutangatanga. Baadaye Kanisa liliweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na mkesha wake ukaangukia usiku uleule. Huko Uskoti watoto walijipaka masizi usoni, wakavaa nguo kuukuu za watu wazima na kuzunguka nyumba za jirani. Hawakupewa kitu bure: sharti kwanza waimbe, waghani shairi au watoe kichekesho. Taa zao walizichonga kwenye tanipu, mboga ya mizizi iliyo ngumu, na ni wahamiaji waliofika Marekani waliogeukia boga, ambalo ni kubwa na rahisi kukomba.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Dennison ya Massachusetts iliwauzia Wamarekani karatasi laini zenye mikunjo, pamoja na vijitabu vya kuwaelekeza namna ya kuzishonea mavazi. Zilipendeza, ila zilichanika upesi na kushika moto upesi zaidi. Kisha vikaja viwanda. Kampuni ya Ben Cooper ya New York, iliyoanzishwa 1937, ilieneza vazi la ndani ya sanduku: kinyago chembamba cha plastiki chenye uzi wa mpira, na joho jepesi lililochapwa picha ya mhusika wa televisheni. Hapo ndipo vazi lilipotoka mikononi mwa watu wa nyumbani, na kwa maoni yetu hasara imekuwa kubwa kuliko faida.

Lichukue vazi la dukani la leo, uligeuze nje ndani. Utaona mshono mmoja tu wa ovaloki, yaani cherehani inayokata na kuzungushia ukingo uzi, umeachiwa nusu sentimita ya kitambaa au pungufu. Mtoto akiinua mikono kubisha hodi, linafumuka kwapani. Akipanda ngazi, linapasuka baina ya miguu. Kama umeshalinunua, pitisha mshono wa pili ulionyooka, milimita 2 ndani ya ule wa kiwandani, kabla halijavaliwa hata mara moja. Vipimo navyo ni vya kukisia: saizi moja hutengewa watoto wa miaka 4 hadi 6, kwa hiyo mfupi kati yao anaburuza pindo.

Kubwa kuliko yote ni moto. Poliesta huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Neti nyembamba ya sketi za malaika huwaka kwa kasi kwa sababu hewa imeizunguka pande zote. Uingereza ilishtuka mwaka 2014 mtoto mmoja alipoungua vibaya baada ya vazi lake kugusa mshumaa, na wauzaji wakubwa wakajiwekea masharti makali zaidi. Marekani mavazi haya hupimwa kwa kanuni ya nguo za kawaida, si ile kali ya nguo za kulalia za watoto. Lebo isikulaze. Ndani ya boga weka taa ya betri, na uwe na hadhari hata na pamba, kwani nayo huwaka ikiwa nyepesi na pana.

Basi kata joho mwenyewe. Linafaa kwa mchawi, popo, mfalme au mzimu, na ni kazi ya jioni moja. Tafuta shuka kuukuu la pamba nzito, utoe kipande cha sentimita 180 kwa 90. Likunje katikati lipate mraba wa 90 kwa 90. Kwenye kona ya juu upande wa mkunjo, bana ncha ya uzi usiovutika uliofungwa kalamu, chora robo duara ya nusu kipenyo cha sentimita 10. Hiyo ni shingo. Kutoka kona ileile chora robo duara ya pili ya nusu kipenyo cha sentimita 90. Hilo ni pindo. Kata. Ukikunjua una nusu duara lenye urefu wa sentimita 80, la kumfaa mtoto ambaye kutoka shingoni hadi kifundoni ana kama 90. Mtoto wako akiwa mfupi au mrefu, badilisha kipimo cha pili, kitambaa kiwe na upana usiopungua kipimo hicho na urefu usiopungua mara mbili yake, na joho liishie sentimita 10 juu ya kifundo.

Shingo ndiyo inayowashinda wengi. Ukikunja duara hivihivi, kitambaa kinavutana na kujikunyata. Chanja vijimkato vya milimita 7 kila baada ya sentimita 2, ndipo ukunje sentimita 1 kwa ndani na kushona. Nafasi ya shingo itafika sentimita 34 hivi, inayomtosha mtoto mwenye sweta ndani, na sweta atalihitaji: usiku wa mwisho wa Oktoba kaskazini ni baridi, na koti likivaliwa juu ya vazi kazi yako yote imefichwa. Usitie kamba ya kufunga shingoni. Joho likinasa kwenye mlango au ua, kamba inakaba. Weka velkro (utepe wa kunatana) ya sentimita 2, iachie yenyewe ikivutwa.

Kinyago kiachwe. Matundu ya macho husogea kichwa kikigeuka, na mtoto haoni gari linalotokea ubavuni. Shuka la mzimu lenye matundu mawili lina kasoro hiyohiyo. Uso uachwe wazi, upakwe rangi. Rangi iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi. Ijaribu kidogo mkononi siku mbili kabla. Ikiwasha au kuvimbisha, itupe. Paka kwa sponji iliyokamuliwa, tabaka jembamba, liache likauke, kisha la pili. Ukibandika nene mara moja, mtoto akicheka tu inapasuka. Lenzi za rangi za macho zisizoandikwa na daktari usimruhusu mtoto kabisa. Marekani ni kinyume cha sheria kuziuza bila cheti.

Wazazi wengi huogopa pipi zenye sumu. Mwaka 1974 huko Texas mtoto alikufa kwa pipi yenye sianidi, lakini aliyeitia alikuwa baba yake mzazi, akitaka fedha za bima. Hofu hiyo imechangia desturi mpya ya kugawa pipi kwenye buti za magari yaliyoegeshwa uwanjani. Hatari iliyothibitika ni gari linalotembea. Uchunguzi uliochapishwa 2019 katika jarida la JAMA Pediatrics, uliopitia kumbukumbu za ajali za miaka 42 Marekani, ulikuta hatari ya mtembea kwa miguu kuuawa jioni ya Halloween iko juu kwa asilimia 43 kuliko jioni nyingine za karibu. Kwa hiyo shonea mkanda wa kuakisi mwanga, upana sentimita 5, mgongoni na kuzunguka pindo, na kipande kingine kwenye mfuko wa pipi. Usiugundishe: gundi hubanduka kitambaa kikilowa.

Desturi nyingine mpya tunaziunga mkono kwa moyo wote. Boga la rangi ya samawati-kijani mlangoni, lililoenea Marekani tangu 2014, humwambia mtoto mwenye mzio kwamba hapo kuna zawadi isiyo chakula. Na mjadala wa kugeuza utamaduni wa watu kuwa vazi la kuigiza, ambao wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ohio waliupa nguvu mwaka 2011 kwa mabango yao, una haki. Taji la manyoya la Wahindi Wekundu wa nyanda za Marekani hutunukiwa mtu kwa matendo yake. Lisigeuzwe pambo la jioni. Wala usimpake mtoto rangi ya ngozi ya watu wengine. Akitaka kuwa shujaa fulani, nguo na kifaa cha kazi cha shujaa huyo vinatosha.

Siku mbili kabla, mvishe kila kitu pamoja na viatu atakavyovaa. Apande ngazi, akae, ainue mikono, ageuze kichwa kulia na kushoto, na aimbe wimbo wake mmoja kama watoto wa Uskoti. Akikanyaga pindo, bado una muda wa kulipunguza.

Wenu,
Mafundi wa mavazi ya jukwaani