Salamu za Shukrani

Familia yetu inatoa shukrani za dhati kwa wote waliokuwa nasi tangu siku mdogo wetu alipotiwa hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia hadi rufaa yake ilipoamuliwa mwezi uliopita. Hatuwezi kumtaja kila mtu, mtuwie radhi.

Tunamshukuru wakili aliyelipokea jalada zikiwa zimebaki siku tatu muda wa kukata rufaa uishe, na askari magereza aliyemwita kijana ofisini jioni, watu wanafunga kazi, aweke dole gumba kwenye kusudio la rufaa. Wakili hakutupamba. Alisema rufaa si kesi ya kuanza upya: mashahidi hawarudi kizimbani, majaji wanasoma mwenendo wa kesi, yaani maandishi ya yote yaliyosemwa mahakamani, kuona kama sheria ilifuatwa. Makaratasi hayo tuliyasubiri miezi saba yachapwe. Karani uliyepokea simu zetu kila Jumatatu bila kufoka, Mungu akuzidishie.

Bibi yetu, wewe una shukrani zako peke yako. Ile kadi ya kliniki, imekunjwa mara nne na mende wameila pembeni, ndiyo iliyoonyesha kuwa siku ya ugomvi mtoto alikuwa na miaka 16 na miezi mitano. Mahakama ya kwanza ilimpima kwa macho, maana ni mrefu kutuzidi sote, ikamfunga kama mtu mzima. Nasi kwa kutojua tulinyamaza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, Ibara ya 37, unataka kumfunga mtoto kuwe hatua ya mwisho, tena kwa muda mfupi kadiri inavyofaa. Wakili alisimamia hapo, majaji wakamkubalia. Hatia imebaki palepale. Kilichopunguzwa ni kifungo. Wanaosambaza kwamba ameachiwa huru, tafadhali wasahihishe.

Shukrani ya mwisho tunaitoa kwa sauti ya chini. Wazazi wa marehemu hawakukosa siku hata moja, wakikaa benchi la mbele yetu. Uamuzi uliposomwa, mama yake aliinuka, akamshika mama yetu begani, akatoka bila kusema neno. Alichomaanisha anakijua yeye, wala hatutamuuliza. Mliopiga simu kuuliza hafla ni lini, hakuna hafla.

Kwa niaba ya familia,
Dada mkubwa