Shuu za breki ya nyuma ya pikipiki kuisha mwezi mmoja, sio feki

Juzi tena kaja mteja kanuna, hata pikipiki hajazima anaanza, fundi ulinifungia shuu feki, mwezi tu zimekwisha. Nikamwambia tulia kaka, tufungue. Tairi la nyuma kutoka, shuu zimebaki kama ganda la yai na zinang'aa, habu, lile bakuli la katikati ya tairi ambalo shuu zinasuguana nalo, ina madoa ya bluu kwa kuungua. Nikaenda mbele, waya wa breki ya mkono nikaukuta umefungiwa kwenye shokapu na kamba ya mpira, hauvuti kitu. Eti kijiweni walimwambia breki ya mbele inarusha mtu.

Jamani, huyu anashusha kabichi kutoka Lushoto mpaka Mombo, kilomita 30 na ushee za kona na mteremko, akifika Soni, katikati ya safari, anakanyaga ya mguu, yaani ya nyuma, na haachii mpaka barabara kuu. Shuu gani itavumilia? Mle ndani ya habu kumefungwa, joto halina pa kutokea.

Ukifunga breki uzito mwingi unakuja mbele, ndio maana shokapu zinabonyea. Tairi la mbele linagandamizwa kwenye lami, la nyuma linabaki jepesi, ukilikanyagia sana linaburuza na pikipiki inakaa upande. Kwenye lami kavu ukiwa peke yako, kama asilimia 70 ya kusimama inatoka mbele. Ukipakia mzigo nyuma, ya mguu inasaidia zaidi, ila ya mkono bado unaihitaji. Inayorusha mtu ni kuinyakua ghafla, au kuibana kwenye mchanga au ukiwa umelala kona. Ibane kama unakamua ndimu, taratibu halafu unaongeza, mguu ukisindikiza, na mteremkoni uwe kwenye gia ndogo injini yenyewe izuie.

Kinachoniuma zaidi ni ile nati ya kukazia fimbo inayotoka pedali kwenda breki ya nyuma. Shuu zikipungua mtu anakaza kila asubuhi, nati ikifika mwisho anachomeka kipande cha bomba ili aendelee kukaza. Mwaka jana mmoja kaniletea hivyo, shuu zimeisha mpaka chuma na chuma kimechimba habu, mfereji unapitisha ukucha. Alikwepa hela ya shuu, akanunua habu nzima, spoki tukafumua tukasuka upya, siku mbili hana kazi.

Halafu mnasema sisi ghali. Sisi vumbi la breki tunalifuta kwa kitambaa kibichi, hatulipulizi likaingia kifuani, grisi tunagusisha kwenye kemu tu, kile chuma kinachotanua shuu, maana ikifika kwenye shuu hakuna breki hapo, tena hatukukabidhi pikipiki kabla hatujaijaribu barabarani. Fundi wa dakika kumi hafanyi hayo, na kweli bei yake ni ndogo.

Yule wa kabichi tumemfungia shuu mbele na nyuma na waya mpya, nikamzungusha hapa uwanjani mpaka mkono ukazoea. Zile zilizoungua kaniachia, ziko juu ya meza, ukija omba nikuonyeshe.