Figo iliyopandikizwa ikichoka, mkono uwe tayari

Mhariri,

Tangu Muhimbili ianze kupandikiza figo mwaka 2017, na Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, magazeti yetu huandika zaidi habari za siku ya upasuaji. Figo hiyo haina dhamana ya maisha. Ikichoka, mgonjwa hurudi kwenye mashine ya kusafisha damu, na wengi hurudi kwa dharura, wamevimba, wanahema, wakawekewa mpira wa kusafishia damu kwenye mshipa wa shingoni usiku huohuo. Mpira huo ni njia rahisi ya vijidudu kuingia kwenye damu ya mtu ambaye kinga yake imeshushwa na dawa kwa miaka.

Njia salama zaidi ni fistula ya mkononi (si ile ya uzazi), yaani mshipa wa vena uliounganishwa na ateri kwa upasuaji ili mashine ipate damu; huchukua wiki 6 hadi miezi 3 kukomaa. Kwa hiyo kiwango cha figo kuchuja damu (eGFR kwenye majibu ya maabara) kikishuka chini ya 20 na kikiendelea kuporomoka, mgonjwa amwone daktari wa upasuaji. Mwenye fistula ya zamani aiguse: isipotetemeka, imeziba. Kabla ya upasuaji huo, damu ya vipimo itolewe nyuma ya kiganja cha mkono anaoutumia zaidi, ili mishipa ya ule mwingine ibaki salama.

Kosa linaloumiza zaidi ni la dawa za kushusha kinga, zinazouzuia mwili kuikataa figo. Mashine ikianza tu, mtu huona figo imeshakufa na dawa ni ghali, anaziacha zote. Mwili huivamia figo ile: homa, maumivu karibu na kinena, mkojo wa damu, na pengine hulazimika kutolewa. Mwili hutengeneza pia kingamwili (protini za kinga) zinazofanya figo ya pili inayomfaa iwe ngumu kupatikana. Prednisoloni, mojawapo ya dawa hizo, ikikatwa ghafla, presha huanguka, kwani tezi za juu ya figo zilishazoea kupumzika. Kwa kawaida daktari huanza kuondoa azathioprini au maikofenoleti, kisha hupunguza takrolimasi (zote ni za kushusha kinga), na prednisoloni huwa ya mwisho, kidogo kidogo. Mwenye ndugu aliye tayari kumpa figo nyingine huenda akaendelea na dawa. Damu ya kuongezewa nayo huzidisha kingamwili; penye nafasi, sindano za kuongeza damu na madini ya chuma zitangulie.

Tunaomba kliniki za figo zianze mazungumzo haya kreatinini (taka ya kwenye damu ambayo figo huiondoa) inapopanda, na barua ya rufaa kwenda kwenye mashine iandike dozi za dawa zote, majibu ya homa ya ini B na kiasi cha mkojo anachotoa kwa siku, maana hicho ndicho kitakachoamua anywe maji kiasi gani.

Wahudumu wa kitengo cha kusafisha damu,
Dar es Salaam